Malalamiko Juu ya Nyumba Isiyokuwepo na Mumunye Lililopo

Alby Kerridge,
Nyumba ya Handakini,
Hatchley Green, Suffolk.
Jumanne, tarehe 25 Agosti

Kwa Bi Imogen Pargeter,
Mkaguzi wa Mabaki ya Kale,
Ofisi ya Urithi.

Mheshimiwa Bi Pargeter,

YAH: KUNG'OLEWA KWA MUMUNYE LA BABU YANGU KWA AJILI YA NYUMBA AMBAYO HAIPO

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na mbwa wako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa babu, ambaye tangu barua yako ifike hajamaliza kikombe hata kimoja cha chai, na kwa mtu anayekunywa vikombe tisa kwa siku hilo si jambo dogo.

Kwanza nijitambulishe, maana siku ile ulipokuja ulinipa koti lako nikushikie, ukadhani mimi ni kibarua. Mimi ni Alby, mjukuu wa Mzee Clement Kerridge, umri wangu miaka kumi na saba na nusu. Shule niliiacha mwaka jana kwa makubaliano mazuri kati yangu na mwalimu mkuu, na kati yetu wawili yeye ndiye aliyefurahi zaidi. Lakini usinidharau. Barua yako ya kurasa kumi na nne nimeisoma yote mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Hapa kijijini hakuna mwingine aliyevuka ukurasa wa tatu, akiwemo mchungaji, ambaye kazi yake ni kusoma vitu virefu. Kwa hiyo ujue unaandikiwa na mtaalamu.

Kwa faida ya wakubwa wako, ambao naamini nao wataisoma, nieleze jambo lenyewe. Nyuma ya nyumba yetu kuna handaki la maji ya kijani, limezunguka kwa pande tatu kiwanja kinachotosha viwili vya tenisi. Kiwanja hicho sisi tunakiita kisiwa. Kisiwani kuna kamba ya kuanikia nguo, kibanda cha majembe, na bustani ya marehemu bibi yangu Hester, iliyozungushiwa mawe bapa. Ndani ya bustani kuna mumunye moja. Barua yako inasema chini ya hayo yote kuna mabaki ya nyumba ya bwana mkubwa wa zama za kati, wa miaka mia saba iliyopita, kwamba ni urithi wa taifa unaolindwa na sheria, na kwamba bustani iwe imeondolewa ifikapo Jumatatu, tarehe 31 Agosti. Maonyesho ya Mboga na Maua ya Hatchley Green ni Jumamosi, tarehe 5 Septemba. Hesabu hiyo hata mimi naiweza. Umetunyima siku tano.

Nyumba imelala kimya miaka mia saba, ikashindwa kuvumilia siku tano?

Malalamiko yangu nayaweka kwa namba kama ulivyoweka wewe amri zako, ili tusipoteane.

1. Nyumba haipo. Mimi nimezaliwa hapa. Kisiwani nimecheza mpira, nimeanika nguo, nimejificha mama akinitafuta, na siku moja nilitumbukia handakini nikiwa na sare mpya ya shule. Sijawahi kugonga kichwa kwenye ukuta wa zama zozote. Ulipokuja mwezi wa saba, babu alikuuliza kwa adabu nyumba iko wapi, ukamwonyesha majani. Alipouliza tena, ukasema inaonekana mtu akitazama vizuri. Nikatazama vizuri. Nikatazama kwa jicho moja. Nikachuchumaa nikatazama kwa chini. Majani.

Ndipo ukatoa picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege mwaka wa ukame, ina mistari miwili hafifu kama alama za shuka mgongoni mwa mtu aliyelala mchana, ukasema huo ni ukumbi wa kulia chakula. Bi Pargeter, nyumba ambayo anaiona rubani peke yake, tena mvua isiponyesha, kwetu haiitwi nyumba. Babu akavua gambuti zake, akakuuliza kama ukumbini anaweza kuingia na soksi. Hukucheka. Hapo ndipo nilipojua mambo yetu yameharibika.

Nakupa nafasi ya haki. Nionyeshe kipande kimoja tu cha hiyo nyumba, kisichopungua kiganja changu, nami mwenyewe nitaling'oa mumunye nilibebe begani mpaka mezani kwako. Nikisema nimesema. Uliza mtu yeyote Hatchley Green, isipokuwa kwenye ile karakana ya matrekta nilikowahi kufanya kazi.

2. Kibao. Wiki mbili baada ya wewe kuondoka walikuja watu wenu wawili, wakachimba mashimo mawili yenye kina cha mkono wangu mzima, katikati ya stroberi za bibi, wakasimika kibao. Kibao kinasema ni marufuku kuchimba.

Nilisimama pale nikiwatazama wakichimba ili waweke katazo la kuchimba. Niliwauliza kama wana kibali. Mmoja akaniambia nisiwe mjuaji. Sasa babu akitaka kupanda karoti moja anatakiwa ajaze fomu ya kurasa sita, aambatanishe ramani, asubiri wiki nane, na ninyi mmefukua ndoo nne za urithi wa taifa ili muutangaze. Kibao chenyewe kina picha ya bwana juu ya farasi na mkewe amevaa kofia kama faneli ya mafuta. Farasi ana miguu mitano. Nimehesabu mara tatu. Labda ndivyo walivyokuwa zamani, mimi si mtaalamu wa farasi.

Nisisahau na fuko. Tangu Machi kuna fuko anachimba kisiwani kila siku, ametoa vichuguu ishirini na viwili, na hajaandikiwa barua hata moja. Anwani yake ninaijua kama mkiihitaji.

3. Amri zenu zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Ukurasa wa tano unasema mimea yote ya bustani iondolewe. Ukurasa wa tisa unasema mizizi isivutwe, udongo usitifuliwe, wala jani lising'olewe kwa namna itakayogusa kilicho chini. Kwa hiyo tuondoe bila kuondoa. Nilipiga simu ofisini kwenu nielezwe. Nilisikilizishwa muziki mpaka nikaujua, halafu akaja kijana mmoja mwenye sauti ya mafua akasema katika hali kama hiyo mtu atumie busara. Nikamuuliza busara nayo inaombewa kibali kwa fomu gani. Akanirudisha kwenye muziki.

4. Mbwa wako Biskuti. Siku ile ulimwambia babu, mzee wa miaka themanini na moja, apite pembeni na asikanyage katikati ya kisiwa kwa sababu ardhi ni laini na kila unyayo unaharibu ushahidi. Babu akapita pembeni, mguu mmoja nusura uwe majini. Wakati huohuo Biskuti alikuwa amefunguliwa mnyororo, anakimbia katikati ya ukumbi wa kulia chakula, akaingia bustanini, akapita juu ya saladi zote, akaacha alama za miguu kuanzia kibandani mpaka kwenye mumunye. Nilipokuonyesha zile alama ulisema, "Ah, yeye hana neno." Ulipoondoka babu alichukua reki akazifuta moja moja, na kila akifuta moja alikuwa anasema, kwa sauti yako kabisa, yeye hana neno. Sikujua babu anaweza kuigiza hivyo.

Nauliza rasmi: ni kifungu gani cha sheria kinachompa mbwa haki ambayo Kerridge hana?

5. Yule bwana mkubwa mwenyewe. Hili umelisema wewe kwa kinywa chako, ukiwa jikoni kwetu, na kipande cha pili cha keki ya babu mkononi. Babu alikuuliza handaki lilichimbwa kuzuia adui gani. Ukasema hapakuwa na adui. Ukasema yule mtu hakuwa hata bwana mkubwa hasa, alikuwa mfanyabiashara wa sufu aliyepata fedha ghafla, na mahandaki ya namna hii yamejaa huku kwetu kwa sababu kila aliyetajirika alitaka majirani wapite wayaone. Maana yake ni majivuno. Alizungushia nyumba yake maji ili jirani yake alale vibaya.

Sasa nisikilize vizuri maana hapa ndipo ninapokuwa hatari. Mtu anachimba shimo kubwa kuliko lolote la jirani, kwa majivuno, bila kibali cha ofisi yoyote, na ninyi mnalilinda kwa sheria. Babu yangu analima mumunye kubwa kuliko lolote la jirani, kwa majivuno yaleyale, palepale, na ninyi mnataka ling'olewe. Tofauti ni nini? Kwamba yule amekufa? Kama ofisi yenu ingekuwepo miaka mia saba iliyopita, yule mfanyabiashara angepewa fomu ya kurasa sita, na leo msingekuwa na handaki la kulinda. Kazi yako yote, Bi Pargeter, imetokana na mtu ambaye hakukuuliza.

6. Bwana Maurice Sillett. Sitaki kumsema mtu vibaya kwenye barua rasmi, kwa hiyo nitamsema kwa kifupi. Bwana Sillett ni mzee wa kanisa, jirani yetu wa ng'ambo ya handaki, na mshindi wa kikombe cha mumunye kwa miaka mitatu mfululizo, yaani tangu bibi alipoanza kuumwa. Ana darubini, anasema anatazama ndege. Ni ndege gani huyo anayekaa juu ya mumunye la babu kutwa nzima?

Miaka yote historia hakuijua hata kwa salamu. Handaki alikuwa akiliita dimbwi la Kerridge, na alitaka lifukiwe kwa sababu ya mbu. Kisha mwezi wa sita mumunye letu likalipita lake kwa unene, na wiki ileile akaanzisha Chama cha Marafiki wa Handaki. Mwenyekiti ni yeye. Katibu ni yeye. Mwanachama ni mkewe, ambaye habari hizo alizipata kwangu. Wiki mbili baadaye ofisi yako ikakumbuka ghafla kwamba Hatchley Green ipo duniani. Mimi sisemi ni nani aliyekuandikia. Nasema tu kwamba mtu huyo ana mwandiko wa kulalia kushoto na huandika kwa wino wa zambarau.

Walipokutana posta, watu wakiwa kwenye foleni, Bwana Sillett alimshika babu bega akamwambia, "Pole sana, Clem. Lakini historia ni yetu sote." Babu akamjibu, "Vizuri. Basi wiki hii ni zamu yako kuifyeka majani." Foleni yote ikacheka, hata mke wa mchungaji. Lakini babu hakucheka, na njiani kurudi alinipa mfuko niubebe, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

7. Mumunye lenyewe. Hapa naomba uweke kalamu chini kidogo.

Aliyekuwa akilima mamumunye nyumbani kwetu ni bibi Hester. Alichukua kikombe mara tisa. Babu hakuruhusiwa kugusa hata jani. Kazi yake ilikuwa kuteka maji, kuyamwaga pale anapoambiwa, na kunyamaza. Bibi alifariki mwezi wa pili. Alipokwisha kuzikwa tulikuta kwenye rafu ya jikoni kopo la pipi za kikohozi, na ndani yake mbegu tano zimefungwa kwenye karatasi. Ni za ukoo uleule wa mbegu alizopewa na mama yake siku alipoolewa. Kila mwaka alikuwa akitoa mbegu kwenye lile kubwa kuliko yote, anakausha dirishani, anapanda, basi. Hakuna duka zinapouzwa. Nimetafuta.

Babu alizipanda mwezi wa nne kwenye vikopo vya mtindi. Mbili hazikuota. Moja ililiwa na konokono. Ya nne babu mwenyewe aliikanyaga akirudi nyuma kuitazama, na siku hiyo hakula. Ikabaki moja. Hiyo moja ndiyo unayoiita kwenye ukurasa wa tano "uoto usiofaa".

Analilea kama alivyomwona bibi akifanya, na kwa kuwa alikatazwa kusogea, aliona kwa mbali tu, kwa hiyo mengine anabahatisha. Analinywesha maji ya sukari kwa uzi wa sufu unaotoka kwenye chupa ya jemu mpaka ndani ya kikonyo. Jua likichwea analifunika kwa sweta la bibi, lile la buluu. Chini yake ameweka kigae cha bibi ili lisioze kwa unyevu wa udongo. Kigae hicho kimekuwa bustanini tangu kabla sijazaliwa, na babu hakubali mumunye lilale juu ya kitu kingine hata umletee godoro la hoteli. Kila asubuhi analipa habari za kijiji, nani kagombana na nani. Anadhani sisikii.

Nimelipima kwa futi ya fundi mara tatu, na kwa majedwali ya wakulima ni ratili sabini na mbili. Kwenye baa nimesema themanini, nimeongeza kidogo kwa ajili ya ukuaji. La Sillett, kwa taarifa za mkewe, halifiki sabini. Lakini uzito si jambo kubwa, ingawa kwangu ni kubwa sana na nimeshajigamba kwa watu wengi. Jambo kubwa ni kwamba mbegu za ndani bado hazijakomaa. Babu anasema ukilikata leo utazikuta laini kama wali, haziwezi kuota. Bibi alikuwa halikati kabisa kabla ya asubuhi ya maonyesho. Siku hizo tano za mwisho ndizo zinazozikaza.

Juzi nilikuwa namtia moyo, namwambia tutamshinda Sillett tu, hata kwa rufaa. Akaniambia, "Kikombe wachukue, Alby. Mbegu ndizo sina pengine pa kuzipata."

Unaweza kuchukua kalamu yako sasa.

8. Ombi langu, kwa kutumia sheria yenu wenyewe. Ukurasa wa pili umeorodhesha sifa za kitu kinachostahili kulindwa: kiwe cha kale, kiwe adimu, kiwe katika hatari ya kuharibika, na kiwe kinatueleza jinsi watu walivyoishi. Naomba rasmi Mzee Clement Kerridge aandikishwe kuwa urithi wa taifa.

Sifa anazo zote. Ni wa kale. Ni adimu, hakuna mwingine, na wanaomjua wanashukuru. Yuko katika hatari: goti la kushoto limekwisha kuporomoka, na sehemu ya juu haina tena paa. Amezungukwa na maji pande tatu, na mvua ikinyesha pande nne. Kuhusu kutueleza jinsi watu walivyoishi, hilo halijawahi kuwa tatizo, tatizo ni kumnyamazisha. Tena babu anaonekana hata bila ndege.

Akishaandikishwa, kwa kifungu chenu hakuna atakayeruhusiwa kumsogeza, kumfukua, kumbadilisha mazingira wala kumwondolea kitu kilicho karibu naye bila kibali cha maandishi. Na kilicho karibu naye kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jua linapochwa ni mumunye. Kibao chake nitakisimika mwenyewe, na farasi wa kwangu atakuwa na miguu minne.

Kama babu ni mgumu kuandikishwa, andikisheni mumunye. Kama nalo ni gumu, niandikisheni mimi, sina haya. Na kama yote hayo hayawezekani, basi toeni siku tano. Mkikataa, nitaitii sheria yenu mpaka muombe nisiitii. Nimeshachapisha fomu arobaini za vibali. Nitaomba kibali cha kila karoti, kila soksi itakayoanikwa, kila konokono nitakayemtoa, kila tone la mvua litakalogusa ukumbi wa kulia chakula. Kila moja nitaambatanisha ramani, na mimi kuchora najua. Yule kijana wa mafua mwambie ajiandae, safari hii muziki nitampigia mimi.

Naamini umenielewa na kwamba hutachukulia vibaya ukali wangu, maana ni wa adabu. Nisalimie wakubwa wako wote, wasalimie wale mafundi wawili wa mashimo, msalimie kijana wa mafua, na umwambie Biskuti kwamba saladi zimeota upya. Babu hajui kama naandika, lakini angejua angekusalimia, maana ndivyo alivyo, hana uchungu na watu. Uchungu wote ameniachia mimi.

Ni mimi, mlinzi wa kile kinachoonekana kwa macho,

Alby Kerridge
(mtaalamu)

Nyongeza, Alhamisi, saa nane mchana.

Posta yetu inafunguliwa Jumatatu na Alhamisi tu, ndiyo maana barua hii bado iko mfukoni mwangu. Imetokea jambo.

Leo asubuhi mimi na babu tulifanya mazoezi ya kulibeba mumunye kwa shuka ya bibi, kila mmoja ameshika ncha mbili. Tulipolinyanyua kidogo, kigae kikaja nalo, kimegandia tumboni. Tukaliegemeza kwenye majani makavu pembeni bila kukata kikonyo, nikakibandua, babu akakisuuza handakini. Upande wa chini, ule ambao miaka yote umetazama udongo, una rangi ya kijani inayong'aa kama bakuli. Katikati kuna alama ya mguu wa mbwa. Vidole vinne na kiganja. Alipita kikiwa bado udongo mbichi, kabla ya kuchomwa.

Babu alikishika muda mrefu. Aliweka dole gumba kwenye kila kidole cha yule mbwa, kimoja kimoja. Halafu akasema, "Kuna mtu siku hiyo alimfokea huyu mpaka sauti ikamkauka."

Kisha akaniambia nigeuze yale mawe bapa ambayo bibi aliizungushia bustani. Si mawe. Ni vigae, viko thelathini na kimoja, vingine vina maua, kimoja kina samaki. Vyote vinazidi kiganja changu. Kwa hiyo naomba namba 1 uisome kana kwamba haikuandikwa, hasa ile ahadi ya kubeba begani. Nyumba ipo. Bibi amekuwa akilaza mamumunye juu ya sakafu yake miaka arobaini, na mara tisa akashinda.

Tumerudisha kigae mahali pake na mumunye juu yake, kama vilivyokuwa. Halafu nikakimbilia ukurasa wako wa tisa, nikamsomea babu kwa sauti ya ushindi: kitu cha kale kikibainika kisiondolewe kilipo, wala chochote kilicho juu yake kisisogezwe, mpaka mkaguzi afike na kibali cha maandishi. Nikamwambia, babu, tumewapata. Mumunye sasa liko chini ya ulinzi wa taifa, hata Pargeter mwenyewe hawezi kuling'oa. Babu akafikiri, akaniuliza Jumamosi ile tutalifikishaje kwenye maonyesho.

Nimekaa na swali hilo tangu saa nne.

Basi naomba uje wewe mwenyewe Jumamosi hiyo, tarehe 5, kabla ya saa tatu asubuhi, fomu uwe umeshaijaza. Vaa gambuti. Shuka ina ncha nne, sisi tuko wawili, na ratili sabini na mbili si mchezo. Babu anasema likishapimwa na mbegu zikishatoka, mwakani atapanda mbele ya nyumba, penye maua, na kisiwa chote atawaachia ninyi pamoja na fuko. Bwana Sillett asiambiwe lolote mpaka mizani itulie.

Mbwa mlete. Inaonekana ukoo wake ulikanyaga pale kabla yetu na kabla yenu, na hakuna aliyewahi kumwandikia barua.

A. K.